Mwana Hiti Mezani

Kutoka Kigoma hadi Soga tulitumia siku tatu, moja nzima tukiwa tumesimama porini kusubiri kichwa kingine cha treni. Niliposhuka miguu ilikuwa imevimba, viatu nikavibeba mkononi. Nilikuwa nimeshaacha kazi mbili na miji minne. Niliambiwa Kisarawe kuna wachongaji, na kuwatazama watu wa kazi za mikono ndicho kitu pekee ambacho kilikuwa hakijanichosha.

Nilimkuta mchongaji mmoja mzee katika kijiji kipya cha ujamaa, nyumba yake udongo bado mbichi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuiweka chini tezo. Akauliza nimetumwa na nani. Nilipomwambia sikutumwa, alicheka, akasema wageni wote wa mwaka ule walikuja na karatasi.

Karatasi nyingine ilikuja nikiwa pale. Bwana utamaduni wa Kibaha alitaka vitu vya maonyesho. Kwa kuwa nilijua kuandika, akanipa kazi ya kuviorodhesha, na ahadi ya ukarani. Mzee alitoa ngoma, vinu na miiko. Mimi nikaona juu ya kapu mwana hiti mkongwe, yule mtoto wa mti anayepewa mwali amlee akiwa ndani, kichwa na kiwiliwili bila mikono, mweusi kwa mafuta. Mzee alisita. Kapu lile lilikuwa la dada yake. Siku ya kuhamishwa vijijini lilipakiwa pamoja na mizigo ya mzee, na tangu hapo halijarudishwa. Nikamwambia ni siku chache tu. Nikamwandika: kinyago, kimoja.

Wiki ya pili, mjukuu wa yule dada alivunja ungo.

Mimi na vitu vyangu tulikuwa tumeshahamia Kibaha, kwenye maonyesho. Bibi alifika asubuhi, vumbi hadi magotini, akasimama mbele ya meza yetu. Bwana utamaduni akamweleza kwa upole kwamba mgeni rasmi hajafika, na baada ya hapo vitu vitapelekwa mjini. Vimo kwenye orodha. Bibi akauliza nani kaandika. Akaonyeshwa mimi.

"Mwanangu, mfute," aliniambia. "Mwali yumo ndani siku ya tano, mikono mitupu. Mimi nilimwogesha huyu. Mama yangu alimwogesha huyu."

Nikasema, na hata sasa naona haya, kwamba kaka yake angeweza kumchonga mwingine.

"Kuchonga anachonga kila siku. Huyo mwingine nani kampaka mafuta?"

Bwana utamaduni alinitazama, akanikumbusha kwamba sahihi ni yangu na ukarani bado haujatiwa muhuri. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka tu, na yule bibi alikuwa amechoka kunizidi lakini hakuomba kiti. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari, nikampa mwana hiti wake. Akambeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, akamfunga vizuri. Akanialika nije siku ya kumtoa mwali, nile wali.

Bwana utamaduni alitaka maelezo kwa maandishi, tena alitaka kujua kama mzee ndiye aliyenishawishi. Niliandika kwamba kosa lilikuwa langu, la kuorodhesha kisichotolewa na mwenyewe, na mzee hahusiki. Nikaiacha barua mezani, pale mwana hiti alipopaacha wazi.

Kesho yake nilisimama barabara ya Morogoro na kifurushi changu. Lori la kwanza lilikuwa linakwenda Dodoma, nikapanda. Wali wa mwali sikuula.