Mfanyakazi wa Hajji

Hajji, yule Msomali wa duka la jumla pale mtaa wa Juba Na Bari, mjini Juba, hafugi paka, amemwajiri. Hivyo ndivyo anavyomwambia kila mteja, na Namutebi, Mganda anayeuza nyanya mlangoni pa duka hilo, ameisikia hotuba hiyo hadi angeweza kuitoa yeye mwenyewe. "Kubembeleza wanyama ni mambo ya wasio na kazi," hunguruma Hajji, huku kidole chake kinene kikimkuna mwajiriwa chini ya kidevu. Kazi ya paka ni panya. Ndiyo maana kila asubuhi hufunguliwa kopo la samaki, mafuta yakachujwa kwanza asije akaharisha. Wabeba magunia wakiomba chai huambiwa maisha ni magumu. Panya nao, kwa kumheshimu mfanyakazi, wamehamia kwenye magunia ya mchele, mbali naye kidogo, wasimsumbue.

Leo adhuhuri Hajji alitawadha, akashusha mikono ya kanzu, akamkuta paka kalala katikati ya msala. Mtu huyu anayefukuza ombaomba kwa kupiga makofi alisimama pale, maji yakimdondoka ndevuni. Kisha akachana katoni ya sabuni, akaitandika kando, akasali juu yake. Ndiyo kwanza ametoa salamu, Namutebi akapaza sauti kutoka mlangoni: "Hajji! Panya iko inakula mchele yako!"

Hajji akageuka, kidole juu ya midomo. "Taratibu, mama," akanong'ona. "Utamwamsha mfanyakazi."