Tanuru letu limevunjwa, na shangazi hana kosa

Hili bado sijamwambia mtu: tanuru la hapa Mawengi limevunjwa kwa sababu yangu.

Ni lile la udongo, ambamo Wapangwa wa zamani waliyeyushia chuma. Kila kaya hulilinda wiki moja, kwa zamu.

Mwezi uliopita niliposti picha yake. Nikaandika kwa utani, "Mjerumani alificha dhahabu humu 😂"

Nikapata laiki nyingi kuliko siku zote. (Mimi huyu, ambaye darasani hata kujibu swali naogopa.)

Leo asubuhi tumekuta shimo. Watu wamechimba kutafuta hiyo dhahabu, tanuru limebaki vigae.

Mwenyekiti wa kitongoji akauliza, "Zamu ya nani?"

Shangazi yangu akanyoosha mkono.

"Ulilala, mama?" jirani akamdhihaki. "Au mmegawana?"

"Nililala, jamani. Mnisamehe."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaficha simu mfukoni.

Hakuna dhahabu, jamani. Niliitunga mimi.

Ingekuwa wewe, ungesema pale pale?

Nasikia ndala za shangazi zinakuja chumbani kwangu. Siku zote akiingia huwa nageuza simu.

Leo naiacha wazi, asome.