Drili za Kijani

Jirani yangu seremala hashiki drili isiyo ya kijani. Kiwanda kilichotengeneza hizo za kijani kilifungwa zamani na vipuri vyake havipatikani popote, lakini ukimtajia chapa nyingine atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Mafundi wenzake walioing'ang'ania drili hiyo walikuwa na desturi yao: mmoja akifariki, familia yake huipeleka drili kwa waliobaki, ili vipuri viendelee na kazi. Sasa amebaki yeye peke yake, na zote zimeishia kwake. Zimepangwa rafuni, matumbo wazi, naye kila asubuhi huzigusa kwa kidole gumba chenye ukucha mweusi, akizisalimia kana kwamba ni marehemu wenyewe. "Mzee wa makabati, umeamkaje? Na wewe mwezeka mapaa, bado umenuna?" Yake mwenyewe ameiunga kwa hao hao: swichi ya huyu, waya wa yule, gia za shemeji yake aliyekuwa mbishi. Ndiyo maana, anasema, ikikutana na mbao ngumu inabisha kwanza.

Juzi nilimkuta akiifuta kwa fulana kuukuu, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Nikauliza bila kufikiri, "Na hii yako, fundi, itakwenda kwa nani?"

Akacheka kidogo. Akaitazama rafu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta wa kumjibia. Kisha akaielekeza drili hewani, pasipo na ubao wowote mbele yake, akabonyeza swichi. Nilipofika mlangoni kwangu ilikuwa bado inanguruma.