Kijiwe Kinachochelewa Kuamka

Sogea hapa nikueleze polepole. Si jambo gumu. Ndani ya kifaa kinacholinda mahali kwa miaka mingi kuna kijiwe cha madini ya kwatzi (quartz), kama kile cha saa ya mkono. Kikipata umeme kinatetemeka, na mtetemeko huo ndio unaohesabu muda. Kazi yangu ni kukilisha umeme mdogo kabisa, ili betri moja idumu miaka mitano. Kikila kidogo hivyo, huchelewa kuamka. Unaweza kumaliza Baba Yetu nzima kabla hakijaanza, nami niliupenda ule ungojaji.

Kimoja nilikitengeneza kwa ajili ya kilima cha Nyantende, juu ya nyumba ya mama mmoja mkulima. Udongo ukianza kusogea, king'ora kingelia naye angetoka. Siku ya kukionyesha kwa wageni wa mradi uliotulipa nilikuwa kitandani na malaria, basi akaenda mwenzangu, niliyegawana naye meza moja ya kazi mtaani Nyawera kwa miaka kumi. Aliporudi aliniambia kiliamka papo hapo. Nilifurahi, wala sikuuliza kwa nini.

Msimu wa mvua uliofuata, udongo ulishuka mchana ukabeba jiko la yule mama. Alipona kwa sababu alikuwa ametoka kuomba chumvi kwa jirani. Nilipofika, alinirudishia kisanduku, amekipangusa matope.

“Papa, ulisema italia,” aliniambia. “Nilikuwa nalala bila woga sababu ya ile kintu.”

Nilikifungua mezani kwetu. Betri ilikuwa imekufa. Rezista yangu kubwa, ile inayobana umeme, ilikuwa imeng'olewa na kuwekwa ndogo, inayopitisha umeme mwingi: kijiwe huamka upesi, na betri huisha upesi. Risasi iliyoyeyushwa kuiunganisha ilikuwa na kimkia pembeni. Hakuna mwingine anayeunganisha hivyo. Mwenzangu hakukana.

“Bageni balianza kucheka, ndugu. Balisema kintu yetu iko nalala. Nikafanya iamuke.”

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alivuta droo, akanipa rezista yangu, imefungwa vizuri ndani ya karatasi. Kama angeitupa, ningesema alisahau kuniambia. Lakini aliitunza mwaka mzima, nami niliketi kando ya droo hiyo kila siku.

Nimemtengenezea mama kingine. Nawe utatengeneza chako, na utaweza. Kabla hujafunga kisanduku, hata kama aliyekishika mwisho ni ndugu yako, weka mita ya kupimia umeme kati ya betri na saketi, ngoja kijiwe kiamke, kisha soma mwenyewe umeme kinaokula.