Mlango wa Kushoto

Siku gari lile lilipoburutwa mpaka uani, kuku alikuwa ametaga ndani yake. Mayai manne, juu ya kiti cha abiria cha mbele, na kuku mwenyewe akagoma kushuka mpaka akashikwa mabawa. Fundi Saa hakumwona kuku wala mayai. Yeye aliona gari. Alilizunguka mara mbili, akaligonga bodi kwa ukucha kama alivyozoea kugonga saa ya mteja, akatega sikio, akamwambia mkewe, "Miezi sita, mama watoto. Miezi sita tu, nikupakie humu nikupeleke popote utakapo."

Ndipo miaka tisa ikaanza.

Mkewe mtaa mzima walimwita Mama Mkate, kwa kuwa miaka ishirini na miwili aliendesha gari la kiwanda cha mikate, kila alfajiri maduka arobaini, na hakuwahi kugonga hata ndoo ya mtu. Mwanamke wa namna hiyo humdanganyi kwa habari ya gari. Angejibu vizuri tu, ila siku hiyo alikuwepo mdogo wake wa kike, amekuja kuwajulia hali, naye ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Mdogo mtu akalitazama gari, akamtazama shemeji yake, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, hilo si gari. Hilo banda la kuku lenye usukani."

Mama Mkate mwenyewe alikuwa anawaza hivyohivyo. Lakini kuwaza ni chako, na kusemewa na mtoto uliyembeba mgongoni ukamfuta makamasi ni jambo jingine kabisa. Akakunja uso. "Nitakuja kwako na gari hilihili," akasema, "au sitakuja."

Basi hakwenda. Kwa mdogo wake palikuwa mwendo wa saa moja, na mabasi yalipita mbele ya nyumba tangu asubuhi hadi jioni, matupu mengine, yanapiga honi kama yanamwita yeye. Hakupanda. Kila Jumapili walizungumza kwa simu, na kila Jumapili mdogo mtu aliuliza, "Vipi, kuku ameshajua gia?"

Fundi Saa alijenga kibanda cha mabati nyuma ya jiko, akaliingiza gari humo. Kwa kuwa alipima gari akasahau kumpima binadamu, pande zote ilibaki nafasi ya kiwiko. Hilo halikumsumbua. Maisha yake yote alikaa mezani, lenzi imebanwa jichoni, akitazama vitu vidogo kwa umbali wa inchi moja, na gari nalo akaliendea vivyo hivyo. Alifungua skrubu moja, akaiosha kwa mswaki, akaikausha, akaivika karatasi, akaandika ilikotoka. Kesho yake ya pili. Mama Mkate alipoteza miswaki mitatu kabla hajajua meno ya nani yanasafishwa. Kabureta ilikaa juu ya meza ya chakula miezi miwili, imetandikiwa kitambaa cheupe, na wenye nyumba wakala sahani mapajani kwa heshima ya mgeni.

Ufundi aliokuwa nao, usiseme. Alitoa saa zote za dashibodi, akazitia nyuso mpya alizozichora mwenyewe, na mishale ya dhahabu kutoka saa za ukutani. Mwaka wa nne gari halikuwa na breki, lakini saa lilikuwa linajua. Kiti cha dereva alikivika ngozi nyekundu, akakipima kwa mgongo wake, kwa mapaja yake, kwa urefu wa miguu yake, kisha akakifunga kwa bolti kisisogee tena mpaka kiama. Kile kiti cha kuku alikiacha kama kilivyo, springi zimetokeza.

"Na mimi nitakaa wapi?" Mama Mkate akauliza.

"Zamu yake inakuja. Kwa sasa utaweka mto."

"Na mimi nikishika usukani kidogo, nikalijaribu?"

"Gari hili limezoea mkono mmoja, bibi wewe. Si la mikate hili."

Mama Mkate akanyamaza. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza, sufuria zikasikika mpaka kwa kinyozi wa jirani.

Rangi aliipiga kipande kwa kipande, mwaka huu boneti, mwaka ujao mlango, na kila mara aliichanganya mwenyewe kwa jicho, chini ya taa moja ya manjano. Bluu, kama kadi ya gari ilivyosema. Mlango wa mwisho ulikuwa wa kushoto, upande uliobanana na ukuta, ambako hata chai haikufika. Mama Mkate kikombe alikipitisha dirisha la kulia, akaenda zake.

Sasa Jumapili moja simu ikalia, na mdogo mtu hakuuliza habari za kuku. Alisema bintiye mkubwa amemwita akaishi naye, ng'ambo huko, mbali. Wiki hii. Jumapili ijayo anapanda ndege, na kwa umri walio nao, kurudi haijulikani.

"Njoo na basi, dada," akasema polepole. "Sitamwambia mtu."

"Nilikwambia nitakuja na nini?"

Akakata simu. Akakaa kitako jikoni, mikono mapajani, mpaka maji ya chai yakaisha yote kwenye sufuria. Kisha akaenda kibandani.

"Ijumaa linatoka, Mzee. Likakaguliwe."

"Bado taa ya nyuma ina kaskrubu fulani—"

"Ijumaa."

Fundi Saa akatoa lenzi jichoni akamgeukia. Sauti ile aliisikia mara ya mwisho mtoto wao wa kwanza alipokuwa anazaliwa.

Ijumaa asubuhi kinyozi akaja kusaidia kulisukuma, maana kulitoa injini ikiwaka, katika nafasi finyu ile, kungelikwaruza. Likatoka kinyumenyume, taratibu, likasimama juani. Lilimeta, usiseme. Kinyozi akalizunguka anatikisa kichwa, akafika upande wa kushoto, akasimama.

"Fundi, mlango huu umeuazima kwa nani?"

"Upi?"

"Huu wa kijani."

"Kijani gani? Bluu hiyo. Wewe nenda kanyoe."

Mama Mkate akaja kuona. Mlango ulikuwa wa kijani, kijani kibichi kama chupa ya dawa, na haukuhitaji kubishaniwa. Mumewe akausogelea mpaka pua ikagusa, akaukagua juu mpaka chini, akaufuta kwa kidole. "Hauna hata doa," akasema. Na kweli haukuwa nalo. Miaka tisa kile kibanda hakikumpa mtu nafasi ya kurudi nyuma hatua tatu atazame, naye hakuitaka.

Alipoinua uso juani, mkewe akaona ndani ya jicho lake weupe kama tone la maziwa. La pili vilevile. Na yeye aliyemcheka kila siku kwa kutoona mbali, akajiuliza ni lini mara ya mwisho alimtazama mzee huyu zaidi ya kumpitishia kikombe.

Akanyamaza. Safari hii sufuria hazikulia.

Mahali pa ukaguzi palikuwa kona mbili tu. Fundi Saa akaendesha mwenyewe, huku mkewe akitangulia mbele kwa miguu kumwonesha njia, na njiani ilibidi amsubiri mara mbili.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akapima breki, akawasha taa, akalala chini ya gari, akatoka ameduwaa. "Tangu nianze kazi sijaona bolti safi hivi," akasema. Kisha akafungua kadi. "Ila babu, hapa pameandikwa bluu."

"Bluu ndiyo."

"Na mlango huo wa kijani?"

"Bluu."

Binti akamtazama, akamtazama na mkewe. Mkewe akatazama viatu vyake.

"Babu, hebu nisomee lile bango pale getini."

Bango lilikuwa kubwa, na kila herufi ilikuwa na ukubwa wa mkate. Fundi Saa akakunja macho, akajikohoza.

"Limeandikwa Karibu."

Liliandikwa Usipite.

"Gari limepita," binti akasema kwa upole. "Rangi ya mlango mtaiandikisha. Wewe babu hujapita. Huyo ni mtoto wa jicho, hospitali wanamtoa. Mpaka siku hiyo usishike usukani. Kuna mwenye leseni hapa?"

Mzee wa watu akasimama, mkono juu ya boneti yake. Mama Mkate akafungua mkoba, akatoa leseni yake. Muda wake haukuwa umepita hata siku moja.

"Umekuwa unailipia?" mumewe akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu kuku."

Akaingia. Kiti chekundu kilimkataa kabisa, miguu ikabaki inaning'inia hatua moja kutoka kwenye klachi. Akamvua mumewe koti, akalikunja nyuma ya kiuno, akaongeza gunia la matambara, akafika. Fundi Saa akazunguka, akafungua mlango wake wa kijani, akaketi.

"Springi inachoma," akasema walipofika barabara kuu.

"Weka mto."

"Hatuna mto."

"Ehe."

Akabadilisha gia bila gari kujua. Fundi Saa alisikiliza injini, kichwa kimeinama, na kwa muda mrefu hakuona la kukosoa. Kisha akasema, kama anayeulizia bei ya nyanya, "Huyo daktari wa macho, Jumatatu atakuwepo?"

"Atakuwepo. Nitakupeleka."

Mdogo mtu alikuwa nje, anafunga masanduku barazani. Gari likasimama mbele yake, ubavu wa kushoto kwake. Akanyanyuka. Alitazama mataa, akatazama bodi linavyometa, akamtazama dada yake kwenye usukani, na midomo ikamtetemeka. Ila ulimi ni ulimi.

"Dada, mbona mlango mmoja wa kijani?"

Fundi Saa akamgeukia mkewe. Watu watatu sasa walikuwa wamesema neno lilelile, na usoni pake palikuwa na swali ambalo miaka tisa hakuwahi kumuuliza: wewe unaonaje?

"Ndivyo tulivyotaka," Mama Mkate akamjibu mdogo wake. "Huo ndio mlango wa mgeni wa heshima. Mzee, hamia nyuma. Wewe panda, acha maneno."

Mdogo mtu akapanda. Akakaa, akaruka kidogo, akajishika chini.

"Hapa ndipo kuku alipogoma kushuka?"

"Hapohapo," Mama Mkate akasema, akatia gia. "Na hakulalamika."