Boksi Lililovaa Kitambaa

Katika nyumba ya Opoka, pale Kisugu, kila kitu kilikuwa kimevaa. Viti vilivaa vitambaa vyeupe mgongoni na mikononi. Meza ilivaa, kabati la vyombo lilivaa, redio ilivaa kama bibi harusi, na friji lilikuwa na kitambaa chake chenye pindo za zambarau ambacho hakuna aliyethubutu kukiwekea hata kikombe. Vyote vilitoka mkononi mwa mkewe, Mbambu, ambaye alifuma kwa kulabu ndogo ya chuma kila jioni tangu enzi zile walipoishi kambi ya polisi, chumba kimoja, pazia katikati. Mgeni akiingia, kabla hajajibu salamu, macho yake yalikuwa yameshasalimia vitambaa.

Opoka alikuwa Mwacholi, polisi mstaafu wa idara ya mawasiliano. Mbambu alikuwa Mkonzo wa Kasese. Walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakachumbiana kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali sana sarufi, na hawakupata sababu ya kukiacha. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Mbambu hakukifanya kwa Kiswahili hata siku moja, nacho ni kuhesabu. Alipofuma alihesabu mishono kwa Kikonzo, kwa sauti ya chini. Opoka hakuelewa neno, ila alilala usingizi kwa sauti hiyo miaka nenda miaka rudi, kama wengine wanavyolala kwa redio.

Alipostaafu, mikono yake ilikataa kustaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amefungua redio za polisi na kuzifunga tena, na sasa akageukia kompyuta. Alinunua moja iliyotumika, akaisafisha, akaiweka sebuleni mezani, na kupitia hiyo wakawa wanamwona binti yao Juliet, aliyekuwa nesi Gulu, pamoja na mjukuu wao anayeota meno. Mbambu aliipenda ile kompyuta. Na kitu alichokipenda Mbambu hakikuachwa uchi.

Basi hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwa wiki nyingi alifuma kitambaa kikubwa kuliko vyote, maua ndani ya maua, kila ua na kijimlango chake, pembe nne zenye pindo ndefu. Jumapili moja mchana akawaalika akina mama wa kikundi chake cha kanisa kunywa chai. Opoka alikuwa ametoka kwenda dukani, na nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, ikinakili picha za mjukuu. Mbambu akalitazama lile boksi jeusi katikati ya sebule yake nzuri, akaona limemwaibisha, akalivisha.

Mashine ya kompyuta inapumua, na hilo Mbambu hakuwa ameambiwa na mtu. Feni ikavuta pindo la kitambaa, nyuzi zikajizungusha kwenye mapanga yake, ikakwama. Opoka aliporudi alikuta wageni wameshafika, sebule inanuka moshi, pembe moja ya kitambaa imeungua hadi ndani, na mashine imekufa.

Angenyamaza hapo, nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa polisi hauna hata breki. Mbele ya wageni wote, vikombe vikiwa mikononi, alifoka: "Hii nyuzi yako imeua mashine yangu! Nyumba yote umefunga na nyuzi kama buibui! Mtu anakaa tu hapa, anashikwa!"

Mbambu aliwamiminia wageni chai iliyobaki, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi, akaosha vikombe. Asubuhi yake aliivua nyumba. Alikusanya vitambaa vyote, cha friji pia, akavifungia ndani ya sanduku la chuma la zamani za kambini, na kulabu akaitupia humo humo. Kile kilichoungua akakitupa kwenye takataka.

Opoka alikiokota. Wala usidhani alikiokota kwa mapenzi. Alikiokota kwa tabia ya kazi: alikuwa na tukio, alikuwa na mtuhumiwa, na kielelezo hakitupwi. Akakiweka kwenye mfuko, akautundika kwenye msumari wa kibanda cha nyuma ya nyumba.

Siku zikapita, na kesi ikaanza kumgeukia. Viti vilivyovuliwa vilionyesha mabaka ya miaka yote. Mbambu alipika, alicheka na majirani, alimuuliza habari za mguu wake unaouma. Hakununa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Jioni alikaa na mikono yake miwili mapajani, mitupu. Nyumba ilikuwa kimya. Opoka akajikuta anajigeuza kitandani akisubiri kuhesabiwa mishono, hahesabiwi. Siku moja akaenda mjini kumnunulia mabunda ya uzi, mazuri, ya kila rangi. Mbambu akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, Baba Juliet," akaenda kuyafungia sandukuni pamoja na mengine. Opoka akasikia komeo la sanduku likilia, akajua amekosa shabaha.

Kuomba msamaha angeweza, lakini yeye ni mmoja wa wale watu ambao neno hilo likifika kooni linaomba kwanza kibali cha mkuu wa kituo. Alichoweza ni kutengeneza. Akaamua kuunda boksi jipya la kompyuta, lenye ubavu unaoonyesha ndani, ili yeyote aone feni zikizunguka na ajue kwamba kitu hiki kinapumua. Moyoni alijiambia ni zawadi. Kwa kweli bado alikuwa anataka kushinda kesi.

Alikwenda Nateete kwa Tresor, Mkongomani wa Butembo anayetengeneza vibao vya makanisa na vya makaburi. Tresor alikuwa na mabaki ya perspeksi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, yamepangwa ukutani kwa kufuata ukubwa. Opoka akamwambia anataka ubavu wa boksi, na juu yake achorwe mnara wa redio za polisi.

"Papa, angalia kwanza," Tresor akasema. Alichukua kipande, akakikwaruza mstari kwa ncha ya chuma, akaweka taa ndogo kwenye ukingo wake. Mstari ukawaka mweupe peke yake, kama umeelea hewani. "Taa inapita ndani kimya, hauione. Inatokea tu fasi yenye umeumiza, pale kwa mustari."

"Na hii kuchora ni ngumu?"

"Haiko ngumu. Inataka mutu asikuwe na haraka. Na ile upande yenye umechora, ugeuzie ndani, vumbi isiingie. Mi naweza kukufanyizia, ama ufanye weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe," Opoka akasema, akachukua mabapa mawili, ya kuume na ya kushoto.

Kwenye kibanda chake alikata, akatoboa, akasugua kingo kwa msasa hadi zikawa laini. Kisha akazing'arisha kwa Braso, dawa ile ile aliyong'arishia vifungo vya sare kwa miaka yote ya utumishi, na harufu yake ikamfanya asimame wima bila kutaka. Mashine iliyokufa aliifungia feni mpya, ikafufuka. Mifupa ya boksi aliipata kwenye kompyuta kuukuu, akaikata kwa msumeno wa chuma, akaipanga upya: hewa iingie mbele, itoke nyuma, na taa ndogo ikae kwenye ukingo wa bapa. Ikabaki picha. Alibandua karatasi ya kukinga perspeksi, akatafuta kitu laini cha kuilazia isikwaruzike. Mkono ukagusa mfuko msumarini. Akatandaza kielelezo mezani, akalaza bapa juu yake.

Na kupitia perspeksi akaona maua. Aliinama akayatazama, akasahau mnara wa redio na mambo yake yote.

Alichukua ncha ya chuma, akaanza kufuata uzi. Alidhani itakuwa kazi ndogo, maana vitambaa aliishi navyo tangu ujana. Loo! Kukaa na kitu si kukijua. Uzi ulitoka katikati, ukazunguka, ukajipita wenyewe chini, ukapanda, ukafunga mlango wa ua, ukafungua mwingine, na mara kwa mara Opoka alipotea akalazimika kurudi alikotoka. Alichelewa sana kugundua jambo ambalo mtoto yeyote wa kike pale kambini angemwambia: kitambaa kizima kilikuwa uzi mmoja, haukukatwa popote. Mwanamke alikuwa ameshika uzi mmoja kwa wiki nyingi bila kuuacha, ili boksi lake yeye Opoka lisikae uchi mbele za watu. Na yeye akauita wa buibui. Ncha ikasimama mkononi. Aliona haya peke yake kibandani, na haya ya peke yako haina pa kukimbilia.

Baada ya hapo hakuwa anashinda kesi tena. Kila alasiri aliingia kibandani, akachora polepole, akapuliza unga mweupe, akachora. Mbambu alipita na beseni la nguo, akapita na ndizi za kumenya, asiulize. Opoka alifunika kazi kwa gunia kila anaposikia kandambili zake, kana kwamba mke wa polisi hajui maana ya gunia.

Kilichomshinda ni ile pembe iliyoungua. Hapo hapakuwa na uzi wa kufuata, ni shimo lenye kingo za kahawia. Akakisia. Alichukua ua la pembe ya pili, akaligeuza, akaliunganisha na mengine kadiri alivyoona inafaa. Akatazama, akaridhika. Nani atajua?

Jumamosi moja mchana alifunga mapazia ya sebule, akaliweka boksi juu ya meza tupu, akamwita mkewe. Alipobonyeza swichi, feni zikaanza kuzunguka polepole, na ubavuni maua yakawaka yote mpaka pembeni, meupe, mepesi, na nyuma yake mashine ikaonekana ikipumua. Opoka alisimama kando, mikono nyuma, kama askari anayesubiri kukaguliwa. Kama na hili litapokewa kwa goti na asante, hakuwa na jingine.

Mbambu alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Akasogea. Akainama hadi uso wake ukawa mweupe kwa mwanga. Macho yake yakazunguka kutoka katikati kwenda nje, njia ile ile ya uzi.

"Hii ni ile yangu," akasema mwishowe. "Ile niliweka kwa takataka."

"Ni ile."

"Umetoa kwa takataka?"

"Mimi nilitoa."

Kidole chake kikateremka pole pole hadi kwenye pembe, kikasimama. "Hapa umedanganya."

"Hapo iliungua. Sikuona uzi. Nilikisia tu."

"Kukisia!" Mbambu akasimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili sauti yake ilikuwa na moto. "Unakisia kroshia? Hii ua haina mlango! Uzi imeingia hapa, sasa itatoka wapi? Imekufa hapa! Mtu anayejua akikuja hapa atacheka mimi, atasema Mbambu amezeeka, hajui kupinda kona!"

Akageuka, akaingia chumbani. Opoka akabaki na boksi lake linalowaka, akiwaza kwamba safari hii ameharibu kabisa, kwa pembe moja tu. Mkono wake ulikwenda kwenye swichi azime.

Ndipo akasikia komeo la sanduku.

Mbambu alirudi na bunda la uzi mweupe, moja ya yale aliyoletewa, na kulabu yake. Hakukaa mara moja. Alilizunguka boksi, akaweka kiganja mbele, akaweka nyuma. "Hewa inaingia wapi?"

"Mbele. Inatoka nyuma."

"Na juu?"

"Juu usifunike, tafadhali."

"Nimeuliza tu. Na chini?"

"Chini hakuna kitu. Inasimama kwa miguu."

"Basi chini ni yangu," Mbambu akasema. Akavuta kiti, akaketi, akapigapiga kiti cha pili kwa kiganja, Opoka akae. "Ile upande ingine umechora?"

"Bado. Bapa ya pili iko safi."

"Kaa hapa. Angalia mkono, usiangalie uzi. Hii kona nitafanya pole pole, wewe ushike kwa kichwa, uende uchore ile ya pili vizuri. Na usinikisie tena."

Opoka akaketi, magoti yao yakagusana. Kulabu ikaingia, ikavuta, ikaingia. Ua dogo likaanza kuota kwenye vidole vya Mbambu, na midomo yake ikaanza kusogea. Kwanza bila sauti. Kisha ile sauti ya chini, kwa Kikonzo, moja baada ya nyingine, kama vile haikuwahi kukatika. Opoka alifurahi mpaka akaogopa, na katika kuogopa huko lile neno likatoka lenyewe, halikuomba kibali kwa mtu.

"Mama Juliet. Ile siku, mbele ya wageni. Mimi nilikosa. Nisamehe mimi."

Mbambu hakuinua macho, wala kulabu haikusimama.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Nahesabu."