Unyayo wa Kiboko Karibu na Shimo la Mwisho

Klabu yetu ya gofu iko chini ya mji, upande wa ziwa, na kwa sababu hiyo tuna kanuni ambayo sijui kama wenzetu wa nchi nyingine wanayo. Viboko hutoka majini wakaja kula majani yetu, na wakirudi wanaacha mashimo ya miguu, hasa karibu na matete. Mpira wako ukiangukia ndani ya unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa na kuuweka kando bila adhabu. Ila kwanza umwite unayecheza naye, aje, aone kwa macho yake, akubali. Ukiushika kabla hajaona, wewe ni mwizi.

Mimi nilimwita. Naliandika hilo mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza baadaye.

Ilikuwa fainali ya kombe la mwisho wa kiangazi. Nilicheza na kapiteni wa klabu, mtu wa mtaa wa Gihosha, mstaafu wa ofisi kubwa, ambaye huvaa suruali nyeupe kila Jumamosi hata kukiwa na matope. Mpira wangu ulitumbukia kwenye unyayo si mbali na shimo la mwisho. Nikasimama kando, mikono nyuma, nikamwita. Alikuja, akainama, akatazama.

"Toa tu, Haji," alisema. "Ni ya kiboko, naona."

Nikautoa, nikacheza, nikashinda. Alinipa mkono, tukatembea pamoja kuelekea baa ya klabu tukizungumza habari za mafuta ya gari, ambayo wiki ile hayakupatikana.

Kutoa zawadi kwetu ni sherehe. Kamati ya akina mama ilikuwa imetandika vitambaa mezani, brosheti za mbuzi, yaani mishikaki, zilikuwa motoni pamoja na ndizi, watoto wa wanachama walikuwa wameshacheza mashindano yao madogo na kila mmoja amepewa kalamu. Kazi ya kutangaza matokeo ni ya kapiteni. Akasimama, akazungumza Kifaransa, kisha Kirundi, macho yake yakiwa kwenye bati la paa. Alisema lipo jambo linalomuuma kulisema, lakini gofu ni mchezo wa waungwana. Alisema mpira wangu ulisogezwa bila kuonyeshwa mtu.

Nilisimama nikaeleza. Kwa bahati mbaya nilikuwa natetemeka kwa hasira, na mtu anayetetemeka anafanana sana na mwongo. Rais wa klabu wa wakati huo alimsikiliza kapiteni kwa kuwa ni kapiteni, akanisikiliza mimi kwa adabu, halafu akampa yeye kombe. Wanachama walipiga makofi wakitazama sahani zao.

Sasa elewa mimi ni nani. Nauza vipuri vya magari. Mteja anapoingia dukani hajui breki ya kweli na ya bandia, wala chujio la kiwandani na lililopakwa rangi jana. Anachonunua ni mdomo wangu. Baba yangu aliuza hivyo, babu yangu aliuza baiskeli hivyo hivyo, na mji huu ulitujua. Wiki ile fundi mmoja niliyemzoea alishika breki mkononi, akaigeuza, akaniuliza kama haikutoka kwenye unyayo wa kiboko. Alikuwa anatania. Nikacheka naye, nikamfungia mzigo wake, halafu nikaingia stoo nikakaa juu ya gunia, na pale ndipo nilipoanza kumchukia yule bwana kwa moyo wote. Sikuwahi kumchukia mtu namna ile, na sitasema uongo, ilinipa nguvu.

Watu wote walitegemea nitaacha klabu. Yeye alitegemea zaidi. Jumamosi iliyofuata, kazi za jamii za kila Jumamosi asubuhi zilipokwisha na barabara kufunguliwa, nilikuwa wa kwanza getini.

Klabu yetu ina kamati kwa kila kitu: ya sherehe, ya vijana, ya wageni wanaotoka Kigali kucheza nasi. Kamati ya majani ndiyo haina wenyewe, maana ni kazi ya jua na viatu vichafu. Niliiomba, wakanipa kwa furaha. Nikanunua vitambaa vyekundu, nikavishona kwenye vijiti, na kila siku ya mashindano nikapita asubuhi na mapema kuchomeka kibendera kwenye kila unyayo wa kiboko uwanjani. Nilisema ni kwa usalama wa vifundo vya miguu vya akina mama. Kapiteni alipoanza mchezo alikuta uwanja mzima umechipua vibendera. Alicheza vibaya sana siku ile.

Halafu nikaongeza. Mpira wangu ukikaribia kibendera, hata kama nacheza na mtu mwingine na kapiteni yuko ng'ambo kabisa ya uwanja, nilijaza mapafu nikaita: "Kapiteni, njoo uone, mi sijashika." Mara ya kwanza watu waliona haya. Mara ya pili mtu alicheka. Kufika mvua za masika ulikuwa mchezo wa klabu nzima. Mama akitaka kuchukua brosheti ya mwisho kwenye sinia, alinyoosha mikono juu na kumwita kapiteni aje aone. Mtoto wa mwanachama akiokota kofia, vivyo hivyo. Bwana yule alicheka nao, angefanya nini, lakini mimi nilikuwa namtazama shingo. Ilikuwa inavimba.

Kila niliporudi nyumbani Ngagara nilimsimulia mke wangu kila kitu, suruali ilikuwaje, shingo ilikuwaje. Siku moja aliweka chini kisu cha vitunguu.

"Huyu mwanaume unamupenda kuliko mi," alisema. "Asubuhi yeye, jioni yeye. Bora umulete tu hapa, nimupikie."

Nikamwambia atakuja, tena kwa miguu yake.

Na alikuja. Rais wa klabu alikuwa anamaliza muda wake, na kapiteni alikitaka kile kiti kuliko alivyolitaka kombe. Mkongwe wetu wa klabu, mzee wa mtaa wa Gasenyi aliyewahi kuwa hakimu, alimwambia wazi kwamba mtu mwenye ugomvi na mwenzake hawezi kusimama mbele ya wanachama. Aende kwanza akasuluhishwe. Basi Ijumaa moja, nimetoka msikitini, bado nimevaa kanzu, nikawakuta wote wawili mlangoni kwangu. Nyuma yao kijana wa gari ameshusha kasha zima la bia.

Ninyi mlio mbali huenda hamjui. Kwetu Burundi mtu haombi msamaha mikono mitupu. Analeta kinywaji, na aliyekosewa akikipokea, neno limekwisha, hakuna wa kulifufua tena. Na kinywaji, kwa mtu kama kapiteni, ni bia. Kwa miaka mingi ameniona klabuni nikinywa soda. Amewahi kunifungulia yeye mwenyewe. Lakini siku ya msamaha miguu yake ilimpeleka kulekule ambako baba yake angeenda, akanunua bia, akaja nayo kwa Mwislamu siku ya Ijumaa.

Nilimwona mkongwe anaelewa. Aliitazama kanzu, akalitazama kasha, akafumba macho. Mimi ndani yangu nilikuwa nasherehekea.

Niliwakaribisha vizuri, mke wangu akaleta chai ya maziwa na maandazi. Kapiteni akasema maneno yake, kwamba mambo ya uwanjani yabaki uwanjani, tusahau. Nikamshukuru kwa kuja. Nikasema kwa upole, kwa huzuni hata, kwamba kinywaji kile dini yangu hainiruhusu kukipokea, na kinywaji kisichopokelewa, wazee wenyewe wanajua maana yake. Kapiteni akageukia kasha, akageukia mkongwe.

"Sasa hii nitaipeleka wapi mi?" aliuliza.

Mke wangu, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisema majirani wa nyumba ya pili wana ubatizo Jumapili. Walilibeba kasha kurudi garini, mtaa mzima ukiangalia.

Mkongwe alirudi peke yake siku chache baadaye. Aliniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka soda, na niipokee palepale nilipoitwa mwizi, mbele ya waliosikia. Na maneno yawe ya Kiswahili, maana waliosikia si wenye kadi peke yao. Wachoma brosheti walisikia, wakata majani walisikia, na hao ndio wanaopita dukani kwangu. Mkongwe alinitazama sana. Akasema mimi ni mtu mgumu. Nikamwambia ni kweli.

Siku ya mkutano mkuu baa ilijaa. Kapiteni aliingia na makasha ya soda ya kutosha kila mtu, na juu ya kasha la kwanza ameweka lile kombe. Alianza na Kifaransa: kama kulitokea kutoelewana, kama kuna aliyejisikia vibaya. Nikanyoosha mkono. Nikasema samahani, wapishi kule nyuma hawajaelewa, na tena siulizi nilijisikiaje. Nauliza aliona nini.

Mafuta ya mbuzi yalikuwa yanalia juu ya makaa. Kisha kapiteni akashusha mikono.

"Niliona nyayo ya kiboko," alisema. "Haji aliniita, nilikuja, mi mwenyewe nilimwambia toa. Halafu nilisema uongo mbele ya batu, juu nilitaka hii kombe. Hakuiba. Nisameheni."

Niliichukua soda. Nilikuwa nimekingoja kinywaji kile kwa muda mrefu, na niliinywa taratibu, yote, watu wamesimama. Halafu nikasema nimepokea.

Unajua wakafanya nini? Wakampigia makofi. Akina mama walifuta macho. Mtu akasema huu ndio uungwana, mtu mzima anayejishusha namna hii ndiye tunayemhitaji, na kabla sijaweka chupa chini mikono ilikuwa juu baa nzima. Wakamchagua rais. Mimi niliyemleta pale kwa kamba ndiye niliyemkalisha kitini. Nilirudi nyumbani na kombe langu likiwa kwenye mfuko wa plastiki na sikula chakula cha jioni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sikuruhusiwa tena kumtaja. Nilikuwa nimepokea, na mimi ni mtu wa neno langu. Hata vibendera nilivitoa.

Kiangazi kilichofuata nilifika fainali tena, safari hii dhidi ya mama mmoja wa kamati ya vijana, mchezaji hodari. Rais alikuwa anatufuata pamoja na wanachama wengine, suruali nyeupe, anatabasamu kila upande. Karibu na shimo la mwisho mpira wangu ukajikunja ndani ya unyayo mpya wa kiboko, wenye matope mabichi hadi juu. Sikumwita mtu. Sikuhitaji. Rais mwenyewe alitoka mbio kwenye kundi, akafika kabla ya yule mama, akapiga magoti ukingoni ili kila mtu aone jinsi anavyotazama.

"Ni ya kiboko," alisema kwa sauti kubwa. "Toa tu, Haji, toa. Bote wanaona."

Nikamshukuru. Nikamwambia hapana, mara hii nitaupiga mpira palepale ulipo. Nilichagua fimbo nzito kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaweka miguu yangu vizuri, na sikumwambia asogee.

Mpira ulitoka kidogo tu. Kombe lilichukuliwa na yule mama, na alilistahili. Rais alilikabidhi akiwa na matope kuanzia magoti hadi kwenye nyusi, na picha ile ya pamoja nimeitundika dukani, juu ya breki, mahali ambapo kila mteja ataiona.